Nikisimama mbele ya darasa, kila kitu kinafutika

"Shikamoo mtaalamu. Nipo mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma Jiografia na Mazingira. Tangu mwaka wa kwanza, kazi za kikundi mimi ndiye nachapa na kwenda kuprinti, wenzangu ndio wanapresenti. Muhula uliopita mhadhiri alitaka kila mtu aongee. Nilikariri kurasa nne za Kiingereza usiku kucha. Nilipofika aya ya tatu kila kitu kikafutika. Mikono ilitetemeka hadi karatasi ikawa inapiga kelele, mdomo ukakauka, watu wa nyuma wakacheka, nikaenda kukaa. Sasa baada ya wiki tatu nina prezentesheni ya dakika 10, peke yangu, kuhusu mmomonyoko wa udongo Kondoa. Ina alama 15 kati ya zile 40 za kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula. Ruumeti wangu anasema niwaone wanafunzi kama viti. Mwingine ana vidonge vya mapigo ya moyo, anasema nimeze kimoja tu. Shule ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, Kiingereza nilikutana nacho sekondari ya kata. Je, huu ni ugonjwa? Au kuongea ni kipaji na mimi sikujaliwa? Nimwambie mhadhiri?"

Marahaba. Kuna jambo umelitaja kwa kupita tu, nami ndilo nitakaloanza nalo: kwamba tangu mwaka wa kwanza wewe ndiye unayechapa na kuprinti. Hilo limekugharimu kuliko kicheko cha watu wa nyuma. Kila kikundi kilipogawana kazi moyo ulikudunda, ukajitolea kuchapa, moyo ukatulia. Ile nafuu ni malipo, na ubongo hauhitaji malipo mengi ili ujifunze. Muhula baada ya muhula umekuwa ukiufundisha kwamba kusimama mbele ya watu ni hatari na kwamba kibodi ndiyo inayokuokoa. Siku uliyolazimishwa kusimama ukarudi kukaa hofu ikiwa kileleni, na somo likakolea.

Kwa ulivyoeleza, huu si ugonjwa. Kuhusu kipaji, wapo waliojaliwa ulimi mwepesi, hilo silikatai. Lakini unachotakiwa kufanya ni kueleza kwa dakika 10 jambo unalolijua, na huo ni ufundi kama kuendesha pikipiki. Anayeanza huyumba, na hakuna aliyeacha kuyumba kwa kukaa pembeni akitazama wenzake wakiendesha.

Tuanze na mwili. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iitwayo adrenali. Ubongo ukihisi hatari, tezi hizo humwaga homoni ya adrenalini kwenye damu ndani ya sekunde chache. Moyo unakwenda mbio ili misuli mikubwa ipate damu ya kukimbilia au kupigania. Misuli ikishajiandaa hivyo huku wewe umesimama tuli, inatetemeka. Mate yanapungua kwa kuwa shughuli ya kusaga chakula imesogezwa pembeni. Viganja vinalowa jasho, kibofu kinadai ghafla. Dalili ulizoniandikia zote zimo humo, na ni mwili mzima uliofanya kazi yake sawasawa mahali pasipo pake.

Mwaka 1993 watafiti wa Chuo Kikuu cha Trier, Ujerumani, walihitaji njia ya uhakika ya kumtia mtu msongo ndani ya maabara ili wapime homoni zake. Hawakuleta nyoka wala nyaya za umeme. Walimpa mtu muda mfupi wa kujiandaa, wakamsimamisha aongee dakika 5 mbele ya majaji wasiotabasamu, kisha wakamwambia afanye hesabu za kutoa kwa kichwa, kwa sauti, dakika 5 nyingine. Kipimo hicho kinatumika hadi leo kwa sababu watu wengi mno homoni zao hupanda wakiwekwa pale. Hao wa viti vya nyuma nao wangetoka jasho.

Sasa shika hili, maana mpango wote umejengwa juu yake. Kwa watu wengi mapigo ya moyo hufika juu kabisa wakati wa kusimama na katika dakika ya kwanza, halafu huanza kushuka yenyewe kadiri unavyoendelea kuongea. Wewe ulikaa kabla hujaonja huko kushuka. Kwa hiyo usijipangie kusimama bila woga. Jipangie kuvuka dakika mbili za mwanzo ukiwa na woga wako.

Na woga huo hauonekani kama unavyodhani. Anayeongea husikia moyo wake masikioni, akaamini ukumbi mzima unausikia. Mwaka 2003 wanasaikolojia wa Marekani, Kenneth Savitsky na Thomas Gilovich, waliwaeleza baadhi ya wazungumzaji, kabla hawajasimama, kwamba hofu ya ndani huvuja nje kidogo sana kuliko mtu anavyohisi. Walioelezwa hivyo walihutubia vizuri zaidi ya wasioelezwa, kwa tathmini yao wenyewe na ya waliowasikiliza. Maelezo matupu, bila dawa. Ndiyo maana nakueleza na wewe. Kitu pekee kilichovuja siku ile ni karatasi: A4 nyembamba hukuza mtetemo wa vidole kama bendera inavyokuza upepo. Usiishike tena. Kata kadi ya manila ukubwa wa kiganja. Ni ngumu, haipigi kelele.

Na kufutika? Hapo kosa halikuwa la woga peke yake, lilikuwa la kukariri. Maneno yaliyokaririwa neno kwa neno yanakaa kama shanga za tasbihi: kila moja huvutwa na iliyotangulia. Uzi ukikatika kwenye aya ya tatu, aya ya nne huwezi kuifikia kwa sababu mlango wake ulikuwa lile neno lililopotea. Ongeza kwamba akili yako wakati huo ilikuwa kwenye mikono, mdomo na sura za watu. Iliyobaki kwa ajili ya Kiingereza ni kidogo. Linganisha na mtu anayemwelekeza mgeni njia ya stendi. Mkatize, msalimie, mpigie simu, atarudi pale pale kwenye mnazi na duka la dawa, kwa sababu anaiona njia. Hana sentensi za kupoteza.

Kwa hiyo Kondoa iwe njia. Mada yako ina bahati ya kuwa na mwendo wa hadithi ndani yake. Chukua kadi, andika hivi tu: makorongo, 1973 HADO, 1979 mifugo yatolewa, majani yarudi, nani alilipa gharama. Vituo vitano. Cha kwanza unaeleza ardhi ilivyokuwa imechimbika. Cha pili, serikali inaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma. Cha tatu, uamuzi mgumu wa kuondoa mifugo kwenye eneo lililoharibika. Cha nne, uoto unarudi. Cha tano, wafugaji waliolazimika kuhamisha mifugo, na swali lako wewe kama mwanafunzi wa mazingira: je, ilistahili? Kila kituo kipe dakika moja na nusu hadi mbili. Ukisahau sentensi hujasahau njia. Ukipoteza kituo kizima, tazama kadi, hakuna anayekatwa alama kwa kutazama kadi.

Mambo ya kukariri ni mawili tu: sentensi tatu za kufungulia na sentensi moja ya kufungia. Za kufungulia zikariri hadi uweze kuzisema huku unafua, kwa sababu zitatoka wakati adrenalini iko juu kuliko wakati mwingine wowote. Ziwe fupi, na usianze kwa kuomba radhi. Wanafunzi wengi hufungua kwa kusema samahani Kiingereza changu si kizuri. Darasa ambalo lilikuwa linasubiri Kondoa sasa linasubiri makosa.

Umekitaja Kiingereza kama aibu, na hapa nakuelewa. Ulifundishwa miaka saba kwa Kiswahili, ukahamishwa lugha kidato cha kwanza, na darasani tuna tabia mbaya ya kumcheka aliyeteleza matamshi. Lakini wengi hukosea dawa. Wanaandika Kiingereza kizito cha kwenye madesa, chenye sentensi za mistari minne, kisha wanajaribu kukibeba kichwani. Fanya kinyume. Siku ya kwanza mweleze ruumeti vituo vitano kwa Kiswahili, kwa dakika zako 10, mpaka aelewe na aulize swali. Akielewa, fikra zako zimekaa mkao. Siku inayofuata vieleze kwa Kiingereza cha sentensi fupi, kitenzi kimoja kila sentensi, hata kama kinasikika cha kitoto. Halafu orodhesha maneno ya kitaalamu 10 hadi 15 usiyoweza kuyakwepa, yasikilize kwenye kamusi ya simu yenye sauti, uyaseme kila moja mara kumi. Yatakayokataa kabisa tafutia mbadala rahisi. Kama mhadhiri ametoa mwongozo wa alama, usome: kwa kawaida maudhui, mpangilio, muda na kujibu maswali hubeba uzito kuliko sarufi. Nisikudanganye, lugha nayo inaweza kukupunguzia alama moja au mbili. Ukimya wa kurudi kukaa unapunguza zote.

Wiki tatu zinatosha, ila kwa sharti moja: mazoezi yawe ya kusimama na kutoa sauti. Kusoma kimya kitandani hakumzoezi mtu kuongea, kama vile kutazama mpira hakuleti pumzi. Wiki ya kwanza, ukiacha siku ile ya ruumeti, ni yako peke yako, kila siku mara mbili, na saa ya simu ikihesabu. Kwa Kiingereza cha kueleweka mtu huongea kama maneno 120 kwa dakika, hivyo dakika 10 ni maneno 1,200, chini ya kurasa tatu zilizochapwa kwa mistari iliyokaribiana. Zile kurasa nne zako zisingeenea hata ungekuwa hodari. Lenga dakika 9, maana siku yenyewe kuna kuhangaika na projekta. Mara moja jirekodi video. Itazame kwanza bila sauti, uone mikono na miguu. Kisha isikilize bila picha, uhesabu mara ngapi unajaza nafasi kwa "aaa" na "so". Usiitazame zaidi ya hapo, utaanza kujichukia bure.

Wiki ya pili ongeza watu kidogo kidogo. Mmoja, halafu watatu, halafu watano au sita kwenye kimbweta jioni, mahali ambapo wapita njia nao wanakusikia. Waambie wafanye vituko viwili: mmoja aingie katikati akichelewa, mwingine akukatize kwa swali. Utaendelea kutoka kwenye kituo ulichofikia. Hapo ndipo utakapoonja hofu ikipanda na kushuka ukiwa umesimama, na hilo ndilo somo ambalo ubongo wako haujawahi kulipata. Sheria ni moja: hukai mpaka imeshuka walau nusu. Ikiwa hatua imekuwa kubwa mno, rudi idadi ndogo, rudia hata mara tatu, kisha panda tena. Wiki hiyo hiyo, uliza swali moja kwenye kila somo, hata la sentensi moja.

Wiki ya tatu nenda kwenye chumba chenyewe kikiwa kitupu. Simama pale pale, pima sauti yako mpaka rafiki aliyekaa mstari wa mwisho akusikie. Jaribu projekta. Slaidi sita hadi nane zinatosha, herufi zisiwe chini ya ukubwa wa 24, na usiandike sentensi nzima maana utaishia kusomea ukuta. Zihifadhi kwenye flashi na pia kwenye barua pepe, kwa mfumo wa PDF. Kompyuta za madarasani zina virusi vya kutosha kumeza flashi yako dakika mbili kabla. Na fanya zoezi moja bila slaidi kabisa. Umeme ukikatika utakuwa mtu pekee asiyehangaika.

Usiku wa mwisho lala. Kukesha ukikariri hudhoofisha kumbukumbu ile ile unayoitegemea. Asubuhi kula kitu chepesi, uji au chapati moja na chai, na uache kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, kwani kafeini huongeza mtetemo na mapigo juu ya yale uliyonayo. Dakika tano kabla ya zamu yako pumua polepole: vuta kwa puani ukihesabu nne, toa ukihesabu sita. Hiyo ni pumzi sita kwa dakika. Kutoa kurefu kunaamsha neva ya vagasi, inayopunguza kasi ya moyo. Watu hukosea kwa kuvuta pumzi kubwakubwa haraka haraka. Hilo hupunguza mno kabonidayoksaidi mwilini, ukaanza kuona kizunguzungu na ganzi vidoleni, ukadhani unazimia. Wala usijiamuru "tulia". Utafiti wa Alison Wood Brooks wa Harvard, uliochapishwa 2014, ulionyesha kwamba waliojiambia wamechangamka walihutubia vizuri kuliko waliojiambia wametulia. Ina mantiki: mwili uliowaka ni rahisi kuupa jina jipya kuliko kuuzima.

Ukifika mbele, panua miguu usawa wa mabega, weka kadi mezani au kwenye kiganja, hesabu hadi tatu, ndipo ufungue. Huo ushauri wa kuwaona watu kama viti uache. Ukijitenga nao, akili inarudi ndani kukagua mikono yako, kule kule ilikokupotezea maneno. Chagua sura tatu zenye heri, kushoto, katikati na kulia, mmalizie kila mmoja sentensi nzima. Wengi wetu tumelelewa kwamba kumkazia mkubwa macho ni utovu wa adabu, hivyo kumtazama mhadhiri kunakuwa mtihani wa pili. Mtazame kwenye paji la uso. Kwa umbali wa mita tatu haijulikani tofauti.

Na ukifutika tena? Huenda ikatokea. Nyamaza, kunywa funda moja la maji, tazama kadi, rudia wazo la mwisho kwa maneno mengine, kisha sema unaingia kwenye hoja inayofuata. Sentensi hiyo ya kuvukia iandae mapema kwa Kiingereza. Sekunde tatu au nne za kimya kwako ni kama kipindi kizima. Kwa wasikilizaji ni mtu anayefikiri.

Vile vidonge vikatae. Kama ni propranololi, kama ninavyohisi kutokana na maelezo yako, ni dawa halisi ya moyo na shinikizo la damu, na ni kweli hupunguza mapigo na mtetemo. Madaktari wengine huiandika kwa hofu ya jukwaa. Lakini mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya, mwenye kisukari anayetumia insulini inaweza kumficha dalili za sukari kushuka, na mwenye mapigo ya polepole au shinikizo la chini inaweza kumwangusha. Daktari ndiye anayeuliza hayo kabla ya kuandika. Rafiki yako hakuuliza. Dawa za usingizi na pombe ni mbaya zaidi: zinalegeza ulimi na kumbukumbu pamoja.

Upo wakati ambapo maelezo kama haya hayatoshi. Ikiwa umeshaacha kozi au kukosa mtihani kwa kukwepa kuongea. Ikiwa hofu imeenea hadi kula kantini mbele za watu, kupiga simu, kuuliza bei dukani, na imedumu miezi sita au zaidi. Ikiwa moyo unakwenda mbio hata ukiwa umekaa peke yako, au umewahi kuzimia. Ikiwa maneno yanakwama kwa kigugumizi hata ukiongea na mdogo wako. Nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Anza na zahanati ya chuo ili moyo, damu na tezi ya shingo viangaliwe, na ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, ambako huwa kuna wanasihi. Idara ya afya ya akili ipo Muhimbili, na Dodoma ipo hospitali ya Mirembe; kwenda huko hakukuandiki kichaa. Tiba ya kubadili fikra na mazoea kwa hofu ya namna hii huchukua mara nyingi vikao 12 hadi 16. Na kama hofu imeshakuletea mawazo ya kujidhuru, usisubiri prezentesheni ipite. Mwambie mtu leo.

Uliuliza kama umwambie mhadhiri. Mwambie, ila mapema, ofisini kwake, na uende na ombi badala ya malalamiko. Usiombe kusamehewa kuwasilisha. Akikubali atakuwa amekurudisha kwenye kibodi. Mweleze kwamba muhula uliopita ulishindwa kuendelea, kwamba sasa unafanya mazoezi, kisha omba mambo mawili: uwe wa kwanza au wa pili kwenye orodha, kwa sababu kungoja watu kumi waongee kabla yako kunapandisha hofu bila faida, na uruhusiwe kuingia kwenye chumba kile jioni moja ya wiki ya tatu. Ufunguo wa chumba huenda anao CR wenu, yaani kiongozi wa darasa, mwulize kwanza kabla hujapanda ngazi za ofisini.